Masizi kwenye Plagi Mpya

Mlango ulikataa kufungwa.

Inspekta aliusukuma kwa bega, akausukuma kwa nyonga, mwisho akaupiga teke dogo la heshima, kama mgeni anayebisha hodi huku mikono imejaa mizigo. Hakuna kilichosogea. Ulikuwa mlango mmoja mpana wa bati, mlango wa banda la gari, bawaba zimelegea, ncha ya chini imekalia saruji kwa uzito wote kama mpangaji aliyeambiwa ahame akakataa.

"Hebu njoo, Koplo."

Kituoni, mama huyu akishapita, walimwita Inspekta Hebu, maana kwake hakuna kazi iliyoanza bila neno hilo. Mwenyewe alilijua. Aliwaachia. Askari wanaokutania bado hawajaanza kukuchukia.

Koplo alikuja na faili kwapani. "Faili linasema upepo, Afande."

"Hebu niletee huo upepo."

Koplo alicheka, akaweka faili juu ya paa la gari, akaushika ukingo wa mlango kutoka ndani. Bati lilimkwaruza vidole. Akatafuta mpini. Ndani hapakuwa na mpini, wala kamba, wala tundu la kupitisha kidole. Bati tupu limenyooka kama uso wa karani saa ya chakula. Akatoka nje, mpini ulikokuwa, akaunyanyua mlango kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikajitambulisha mmoja mmoja, akauburuta. Ulipofungika, banda lilijaa giza, na sauti yake ikatokea upande wa pili ikiwa ndogo.

"Afande? Upepo umechoka."

"Nifungulie."

Alipofungua, Inspekta alikuwa amesimama palepale, hacheki. Juzi asubuhi, humu ndani, mwenye nyumba alikutwa amelala kando ya gari lake la zamani: injini inanguruma, boneti juu, bisibisi mkononi, mlango umefungwa. Dereva mstaafu wa malori, mtu wa kutengeneza gari lake mwenyewe nyumbani. Mkewe aliandikisha kwamba mume alikuwa anatuni injini, yaani anarekebisha mngurumo wake, na upepo ukafunga mlango. Mzee mwenyewe, alipozinduka hospitalini, aliandikisha kwamba aliufunga kwa mkono wake. Mkuu wa kituo alizisoma hadithi zote mbili, akachagua neno moja linalozitosha zote, akaandika: ajali.

"Upepo hauwezi kuunyanyua," alisema Inspekta. "Na mtu wa ndani hana pa kushika. Hebu niambie nani anabaki."

"Mtu wa nje."

"Na Mzee anatoka hospitali lini?"

Koplo alitazama viatu vyake. "Leo mchana. Anarudi hapahapa."

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yote. Kama ilikuwa ajali, mzee wa watu alikuwa anarudi kitandani kwake. Kama haikuwa, alikuwa anarudi kwa aliyemfungia, na safari ijayo huenda asipatikane wa kumtoa.

"Ulipomhoji alikuwaje?"

"Kiburi, Afande. Ukimwuliza akiwa amekupa mgongo, kimya, kama umeuliza ukuta. Mpaka uzunguke umsimamie mbele ndipo anajibu. Nikasema sawa, huyu ni wa enzi zile, anataka asalimiwe kwanza."

Inspekta aliinama juu ya injini. Kabla ya upelelezi alikaa miaka kwenye karakana ya polisi, akitengeneza magari ambayo wakubwa waliyavunja. Gari hili lilikuwa la enzi ya kabureta, umri wa kumzaa Koplo na kumsomesha. Kabureta kazi yake ni kama ya mpishi: inachanganya petroli na hewa kabla injini haijala. Ubavuni ina skrubu moja ndogo. Ikaze, petroli inapungua, ilegeze, inazidi. Ikipungua mno injini inakohoa na kuzimika. Ikizidi mno inakohoa vilevile, inatetemeka, inatoa moshi mweusi, na sumu ya moshi huo inaongezeka maradufu.

"Hebu washa."

Koplo aliingia, akazungusha ufunguo. Injini iliitika mara moja, ikatulia. Haikukohoa. Haikutetemeka. Ilinguruma polepole, sawasawa, kama paka aliyeshiba.

"Loo," alisema Koplo. "Gari letu la kituo lingesikia hili lingeona aibu."

"Zima. Niletee kifunguo cha plagi."

Alifungua plagi ya kwanza, kile kijiti kinachotoa cheche ya kuwasha petroli, akaitoa nje kwenye mwanga. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Zote zilikuwa nyeusi tititi kwenye ncha, masizi laini ya kupakaa kidole. Lakini vyuma vyake vilikuwa vinang'aa, kaure yake nyeupe bila ufa, nyuzi zake za kukazia hazijawahi kuonja kutu. Kwenye pipa la takataka, chini ya matambara, Koplo alikuta vikasha vinne vya karatasi.

"Mpya kabisa," alisema Koplo.

"Mpya na zimeungua moshi. Injini inayonguruma vile haiwezi kuzifanya hivi hata kwa mwezi." Alinyoosha mkono kuelekea ukuta wa nyuma, nyuma ya bomba la ekzosi. Chini, kwenye chokaa, kulikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sinia. "Juzi, plagi hizi zikiwa humu, gari hili lilikuwa linatapika petroli. Halafu mtu akalitibu. Mzee hakulitibu, alikuwa amelala sakafuni."

"Sasa, Afande, mtu anafanya mauaji halafu anafanya sevisi?"

Inspekta aliinua macho. Alikuwa anatazama ukutani juu, ambako kwenye msumari ilining'inia baiskeli ndogo ya magurudumu matatu, nyekundu, na vumbi lake halikuwa limeguswa.

* * *

Koplo alikuwa na mtuhumiwa wake tayari, na alimpenda kama mtu anavyopenda shati jipya. Alikuwa jirani wa ukuta wa kushoto, kinyozi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Mashahidi wawili walimsikia zamani akipiga kelele juu ya ukuta: utakufa na moshi wako!

"Nilisema," alikubali Redio kabla hajaulizwa. Alikuwa amesimama juu ya ndoo, viwiko ukutani, kama aliyepangiwa zamu pale. "Nilisema, na nitasema tena. Nguo zangu nyeupe zilikuwa zinatoka kambani za kijivu. Lakini mama, mimi nina goti hili. Hebu nitazame. Kupanda ndoo tu napanda kwa dua. Huo mlango nitaunyanyuaje?"

Alishuka ili awaonyeshe goti. Ilimchukua muda, na mkono wa Koplo. Koplo alimtazama mtuhumiwa wake akiyeyuka, akanuna.

"Juzi ulisikia nini?" aliuliza Inspekta.

"Nilisikia gari likiwashwa. Nikashtuka. Halijawashwa tangu…" Redio alipunguza sauti, jambo ambalo mkewe, aliyekuwa ndani, baadaye aliapa hajawahi kulisikia. "Lilikuwa linaunguruma vibaya, kuh-kuh-kuh, moshi unapita juu ya ukuta. Nikasema, leo wameharibu. Zamani walikuwa hawaharibu. Kila Jumamosi, yeye na mkewe. Nilikuwa nawatazama kutoka hapahapa."

"Yeye na mkewe wanafanya nini?"

"Si wanatuni. Mzee anashika bisibisi, mke anasimama pembeni anasikiliza. Akiinua kidole, mzee anazungusha. Akifunga ngumi, mzee anaacha. Yule mama ana sikio, nakwambia, kuliko mafundi wote wa mtaa."

"Kwa nini asisikilize mwenyewe?"

Redio alimtazama kwa huruma. "Mama, yule mzee hasikii. Malori yamemla masikio yote mawili. Anasoma midomo. Wameficha siku zote, maana wangemnyang'anya leseni. Mtaa tunajua, tumenyamaza. Mpaka siku ile ya mjukuu."

Koplo alikumbuka ule mgongo uliokataa kumjibu. Kiburi cha mzee kilikuwa kinahama kichwani mwake polepole.

"Alikuwa anarudisha gari nyuma," alisema Redio. "Mtoto yuko nyuma, anaokota kiatu chake. Bibi yake akapiga kelele kutoka jikoni. Mama, mtaa mzima tulisikia. Mimi nilikuwa bafuni nikasikia. Yeye hakusikia."

Mahali fulani ndani mke wa Redio alikuwa anapanga sufuria.

"Wenzenu wakaja wakaandika ajali," alimalizia. "Mama yake mtoto hajakanyaga hapa tena. Na gari halikuwashwa tena mpaka juzi."

"Juzi, baada ya gari kuunguruma vibaya?"

"Akaja shemeji mtu, Fundi, mdogo wake mke. Anakuja mbio, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Akamtoa. Likaja gari la wagonjwa, likamchukua mzee na mkewe. Halafu sasa ndiyo ajabu: kumetulia, gari likawashwa tena. Kuh-kuh-kuh. Kidogo kidogo likaanza kulainika. Likawa tamu kabisa. Likazimwa. Nikamwambia mke wangu, mizimu ya humo inajua ufundi."

* * *

Fundi alifika bandani kwa wito, akifuta mikono kwa tambara lililokuwa chafu kuliko mikono. Alikuwa mtu mpana, mdogo wa mke wa Mzee, mwenye gereji ya wazi mwisho wa mtaa. Alisalimia vizuri, akasimama mbali na gari.

"Hebu sogea, Fundi. Haliumi," alisema Inspekta. "Umesema kwenye maelezo yako ulikuwa unapita tu."

"Nilikuwa napita, Afande."

"Na kiatu kimoja?"

Fundi alitazama ukuta wa jirani. "Redio," alisema, kama mtu anayetaja ugonjwa.

"Ulipofika, gari lilikuwa linaungurumaje?"

"Vizuri tu."

"Hebu rudia, unitazame."

"Vizuri… Kawaida. La zamani hili, Afande, lina mambo yake."

Inspekta alimpangia plagi nne juu ya boneti ya mbele, moja moja, ncha nyeusi zikimtazama. "Hizi kaleta nani?"

"Mimi. Jioni ya kabla. Shemeji aliniomba. Aliniambia anataka kuliwasha. Nikamwambia, shemeji, liache. Akasema gari si kaburi."

"Mpya?"

"Mpya za dukani."

"Wewe ni fundi, si mimi. Niambie plagi mpya inafikaje hapa kwa asubuhi moja."

Alizishika. Hakuweza kujizuia, vidole vyake viliigeuza moja kwenye mwanga, kidole gumba kikapangusa masizi, na uso wake ukafanya kile ambacho uso wa fundi hufanya mbele ya kazi mbovu. "Mafuta yamezidi," alisema. Kisha akasikia alichokisema.

"Mafuta yamezidi," alirudia Inspekta. "Na leo yako sawa. Jirani anasema gari liliwashwa mara ya pili wakati mgonjwa ameshaondoka. Nani alibaki hapa?"

Fundi aliirudisha plagi kwenye mstari wa wenzake.

"Fundi, mtu anayeficha jambo anafuta alama za vidole, anachoma nguo. Wewe ulikaa humu, moshi haujatoka vizuri, ukatuni injini mpaka ikawa tamu. Ungeirudisha skrubu robo mzunguko tu, injini ikawa mbovu ya kawaida, nisingejua. Lakini hukuweza kuiacha mbovu, sivyo?"

"Huwezi kuiacha," alisema Fundi kwa sauti ya chini. "Ukishaanza, mkono wenyewe unatafuta."

Koplo alikuwa anaandika. Fundi aliuona mkono ukiandika, akapanua kifua, akasema kwa haraka, kama mtu anayeruka mtaro:

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyeilegeza skrubu. Mimi ndiye niliyefunga mlango. Andika hivyo. Twende."

"Kwa nini?"

"Kwa… Sikumpenda."

"Hukumpenda, ukaja mbio bila kiatu kumtoa?"

"Nilijuta."

Inspekta alimgeukia Koplo. "Juzi asubuhi Fundi alikuwa wapi?"

"Chini ya basi la shule, Afande. Dereva, msimamizi na muuza maji wote wamesema. Simu ikalia, akatoka chini ya basi kiatu kikabaki kimebanwa na jeki. Kiko pale bado. Wamekiachia."

"Simu ya nani, Fundi?"

Mtu huyo mpana alikaa chini kwenye tairi la akiba. Alichukua tambara lake akajifuta uso, akajipaka oili kuanzia sikio mpaka kidevu, na Koplo, ambaye siku nyingine angecheka mpaka alie, hakucheka.

"Dada alisema neno moja tu," alisema. "Njoo."

* * *

Mke wa Mzee alikuwa chumbani anapanga begi. Shati moja limepigwa pasi, taulo, soksi zimekunjwa mpira, mswaki ndani ya mfuko. Begi la kumfuata mgonjwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, na hakuacha kukunja walipoingia.

"Karibuni, wanangu. Mnanikuta nataka kutoka. Wamesema saa ya kutazama wagonjwa wanamruhusu."

"Hebu tuongee kidogo kwanza, mama."

"Ongeeni. Mikono haisikilizi."

Inspekta alibaki amesimama. "Mama, mumeo hasikii."

Soksi ziliingia begini. "Ana uzito kidogo wa masikio."

"Hasikii. Hawezi kutuni injini peke yake. Hajawahi. Juzi kulikuwa na mtu amesimama pembeni anamwonyesha kidole."

Mama alifunga zipu ya begi, akaifungua, akaifunga. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda, begi mapajani, kama abiria.

"Mmeshamshika mdogo wangu?"

"Yuko nje. Amesema ni yeye."

"Mjinga," alisema, kwa mapenzi makubwa. "Tangu utotoni. Mimi navunja sahani, yeye anachapwa."

"Hebu niambie wewe, basi."

Alizungumza bila kupandisha sauti, macho kwenye zipu.

"Alianza kwa kulifuta vumbi. Nikanyamaza. Akaleta betri. Nikanyamaza. Asubuhi ile akaja jikoni, mlango uleule niliposimama siku ile, akaniambia, njoo uwe masikio yangu. Kama zamani. Na akatabasamu. Hakutaja jina la mtoto. Tangu tumzike hajalitaja. Baiskeli iko juu ya kichwa chake, akafanya kazi chini yake."

"Ukaenda."

"Nikaenda. Nikasimama mahali pangu. Akazungusha, injini ikawa nzuri. Nikasikia kabisa, hapa ndipo penyewe, nifunge ngumi. Mkono ukakataa kufunga. Kidole kikabaki juu. Akazungusha. Kidole juu. Akazungusha. Inakohoa, inatetemeka, moshi unanichoma macho, na yeye ananitazama anasubiri nimwambie basi."

Koplo alikuwa ameacha kuandika.

"Endelea kuandika," alisema Mama. "Nisije nikarudia. Nikatoka nje. Nikaunyanyua mlango. Mzito ule, lakini mimi ndiye ninayeufunga kila jioni. Nikaenda jikoni nikasimama. Mtaa mzima ulinisikia siku ile, afande. Mtaa mzima isipokuwa yeye. Nikasema, leo na mimi sisikii."

"Halafu ukampigia mdogo wako."

"Halafu nikasikia injini inaanza kuzama, kama mtu anayesinzia. Nikaenda niufungue. Mikono hii, inayoufungua kila asubuhi, ikashindwa. Nikapiga simu."

Inspekta aliangalia saa ya ukutani. Chini ya saa kulikuwa na alama ya mraba, nyeupe kuliko ukuta, mahali palipokuwa na picha.

"Mama, inabidi twende kituoni. Unaelewa?"

"Naelewa. Lakini nani atampelekea shati?"

* * *

Fundi aliachwa kituoni kwa kosa la kuficha ushahidi, akiwa na kiatu kimoja cha kuazima. Gari la polisi likaendelea mpaka hospitali. Mama alikaa kiti cha nyuma, Koplo usukani, kimya kimejaa garini mpaka Koplo akapiga chafya akaomba radhi. Inspekta alichukua begi, akaingia wodini peke yake. Alihitaji kitu kimoja tu: maelezo mapya ya Mzee, aondoe ule uongo wake wa mlango, kesi isimame.

"Huyu ndiye mnayemtaka?" aliuliza muuguzi. "Amekaa tayari tangu asubuhi. Amenyoa kabisa. Anasema anarudi kwa mkewe, mtu asimcheleweshe."

Mzee alikuwa amekaa wima kitandani, mabega ya dereva, mikono magotini. Inspekta alivuta kiti, akakaa mbele yake kabisa, uso kwa uso, akasema polepole.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Wewe unajua kuongea na mtu. Yule kijana wako anaongea na ukuta."

"Mzee, ulisema uliufunga mlango mwenyewe. Ndani hakuna mpini."

Alimtazama mdomo, kisha macho. Akaliona begi, akalijua.

"Yuko wapi?"

"Yuko nje, kwenye gari. Amesema yote. Kidole, skrubu, mlango."

Mzee alikigeuza kiganja kimoja juu ya goti, akakitazama. Kwenye kitanda cha pili mgonjwa alikuwa anabishana na muuguzi kuhusu sindano, na kwa Mzee ugomvi huo haukuwepo duniani.

"Binti, mimi nimeendesha malori tangu sijaota ndevu," alisema hatimaye. "Masikio yalikufa, lakini kiganja hiki ni kizima. Ukikiweka juu ya injini, mgonjwa unamjua. Juzi nilikiweka. Nilijua imepita mahali pake. Nikamtazama, kidole kiko juu. Nikazungusha."

Inspekta alihisi kiti kimekuwa kidogo. "Ulijua?"

"Nikazungusha tena. Akaniambia bado, nikazungusha. Macho nayo ni mazima. Niliuona mlango unakuja."

"Ufunguo ulikuwa hatua moja. Ungezima."

"Ningezima," alikubali Mzee.

Alichukua begi, akalifungua, akalitoa shati lililopigwa pasi. Akalivaa juu ya lile la hospitali, vifungo vyote, mpaka cha shingoni.

"Ile siku ya mtoto," alisema akiwa anatazama vifungo, "polisi waliandika ajali. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hakuna aliyenipiga hata kofi. Yeye mwenyewe alinipikia jioni ileile. Nikasubiri aseme. Nimesubiri muda wote huo. Nilipoona hasemi, nikalifuta lile gari vumbi."

"Mzee, nahitaji uandike hayo."

"Andika niliufunga mwenyewe."

"Huo ni uongo, na Fundi ameshakiri alilitibu gari, na mkeo ameshakiri yote. Kesi itakwenda bila wewe."

Lakini Mzee alikuwa ameshageuza uso dirishani, na kwa mtu kama yeye huo ndio mwisho wa mazungumzo. Inspekta alisema jina lake kwa sauti. Alisema tena. Mgonjwa wa kitanda cha pili ndiye aliyegeuka.

Muuguzi alileta karatasi za ruhusa, Mzee akatia sahihi bila kusoma, akatoka na begi lake kupita ukumbi, wauguzi wakimpisha. Inspekta alimfuata nyuma. Kichwani alikuwa anapanga maneno: kwamba nyumba itakuwa tupu, kwamba atafutiwe ndugu, kwamba binti yake, mama wa yule mtoto, lazima apigiwe simu na mtu fulani, na mtu huyo pengine ni yeye.

Nje, Mzee hakwenda barabarani. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari la polisi, akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa karibu na mkewe, begi katikati yao. Mama hakumtazama. Mkono wake mkubwa ulikuwa kwenye kiti, na haukuondoka.

Koplo alitoa kichwa dirishani, akamtafuta Inspekta kwa macho, hakupata msaada. Akageuka nyuma.

"Mzee, samahani. Huyu mama anakwenda mahabusu. Wewe hukukamatwa. Shuka, baba yangu, tutakutafutia usafiri wa nyumbani."

Mzee alikuwa anatazama mbele, kioo cha gari, barabara, wala hakuwa ameutazama mdomo wa Koplo.

"Sisikii," alisema.